JE, YAFAA WANAFUNZI WAUNDE MANOWARI?

Tangu tulipouweka mfano wa manowari Königsberg juu ya meza ya maktaba mwanzoni mwa muhula huu, maneno hayaishi. Bwaloni yasemwa, mabwenini yasemwa, na juma lililopita nilipokuwa nikichota maji niliwasikia vijana wawili wa Kidato cha Pili wakibishana kama kazi ile ni ya akili au ni mchezo wa watoto. Mmoja alisema, "Watu wazima wamekaa mwaka mzima wakichonga kidude!" Mwenzake akamjibu kwamba afadhali kidude kuliko usingizi. Nilipita kimya na ndoo yangu, maana wenye kidude ni mimi na wenzangu watano. Lakini anyamazaye sana huhesabiwa kuwa amekubali, basi nimemwomba Mhariri nafasi katika gazeti letu nipate kusema niyaonayo.

Nimesikia lawama tatu. Ya kwanza ni kwamba twapoteza wakati, nasi tuna mtihani wa taifa mwezi wa Novemba. Ya pili ni kwamba manowari ni chombo cha kuulia watu, tena hii ilikuwa ya Wajerumani waliowatawala wazee wetu kwa kiboko. Kwa nini basi tuipambe na kuitukuza? Ya tatu ilisemwa na mzazi mmoja siku ya kutembelewa, kwamba vitu hivi vyauzwa mijini vikiwa vya plastiki, na mtoto aliyepelekwa shule kusoma hana haja ya kushika randa. Nitazijibu zote, ila nitaanza na ya mwisho. Wala sitasema kwamba wanaotulaumu wamekosa kabisa. Katika kazi hii mimi mwenyewe nilikosa mara mbili, na makosa hayo nitayaeleza hapa bila kuficha.

Kwanza yafaa msomaji aijue meli yenyewe. Königsberg iliundwa Kiel, Ujerumani, ikashushwa majini Desemba 1905, ikaanza kazi 1907. Urefu wake ulikuwa mita 115.3, upana mita 13.2, na chini ya maji ilizama mita 5.29. Ilikuwa na dohani tatu, milingoti miwili, rafadha mbili, na mizinga kumi ya sentimita 10.5: miwili mbele, mitatu kila ubavu, na miwili nyuma. Maofisa na mabaharia wake walikuwa 322. Iliweza kwenda maili 24 za bahari kwa saa. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914, na vita ilipokaribia iliondoka bandarini tarehe 31 Julai, nahodha wake akiwa Max Looff. Mwezi wa Agosti iliikamata meli ya mizigo ya Waingereza iitwayo City of Winchester katika Ghuba ya Aden. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliikuta manowari ya Waingereza, Pegasus, imetia nanga bandarini Unguja ikitengenezwa mashine zake. Iliipiga hata ikazama, na mabaharia 38 wa Pegasus walikufa.

Lakini mashine ya Königsberg nayo iliharibika, ikarudi kujificha katika delta ya Rufiji, mto unapogawanyika mikono mingi katikati ya mikoko. Vipande vilivyoharibika vilipelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu, vikatengenezwa huko, vikarudishwa. Mwishoni mwa Oktoba Waingereza waliigundua wakaziba njia ya baharini. Kwa zaidi ya miezi minane meli ile haikutoka. Waingereza walikitwaa kisiwa cha Mafia Januari 1915, wakaleta ndege za kupeleleza, na mwishowe wakaleta manowari mbili bapa, Severn na Mersey, ambazo zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Zilipigana nayo tarehe 6 Julai 1915 bila kuimaliza. Zikarudi tarehe 11 Julai, na siku hiyo Wajerumani, walipoona hakuna njia tena, waliilipua meli yao wenyewe ikalala matopeni.

Habari hizi tulifundishwa darasani tulipokuwa Kidato cha Tatu, mwezi wa Mei mwaka jana. Mwenzetu mmoja, ambaye kwao ni upande wa Kibiti, akauliza swali lililochekesha darasa zima: meli ya mita mia na zaidi iliingiaje mtoni? Mwalimu wetu wa Historia hakucheka. Alimtazama, akasema, "Iundeni, mwone." Ndivyo kazi ilivyoanza. Tulijiandikisha sita, Mwalimu wa Ufundi akatupa ruhusa ya kuingia karakana kila Jumamosi baada ya usafi, nasi tukaanza kutafuta mbao.

Tulichagua kipimo cha 1 kwa 100, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi: kila mita ya meli ni sentimita moja ya mfano. Basi mfano wetu ulipaswa kuwa na urefu wa sentimita 115.3 na upana wa sentimita 13.2. Hatukuwa na gogo la ukubwa huo, wala mtu wa kulichonga. Tulichukua mbao tano za msonobari, kila moja unene wa sentimita 2, tukazichora moja moja kwa umbo la meli katika kimo chake, tukazikata, tukazigandisha kwa gundi moja juu ya nyingine, na kuzibana katika jiliwa na kwa mawe usiku kucha. Zilipokauka zilionekana kama ngazi. Tukazinyoa kwa randa, patasi na tupa, kisha msasa, hata ngazi zikapotea na ubavu ukawa laini. Dohani tulizikunja kwa bati la makopo ya maziwa. Milingoti ni mwanzi uliochongwa. Mizinga ni spoku za baiskeli, kila kipande sentimita 4.2, kwa kuwa mzinga wa kweli ulikuwa na urefu wa mara arobaini ya upana wa tundu lake. Vizuizi vya pembeni mwa sitaha ni pini na uzi mweusi, na kazi hiyo peke yake ilitumia Jumamosi sita.

Hapa ndipo nilipokosa mara ya kwanza. Kazi ya kuchora mbao ilikuwa yangu. Nilipata picha nzuri ya meli kutoka katika kitabu, nikaipima na kuikuza, tukakata mbao zote tano. Baadaye, nilipokuwa nikisoma maelezo yaliyo chini ya picha ile, niliona kwamba haikuwa Königsberg bali mmoja wa ndugu zake. Meli za aina ile zilikuwa nne: Königsberg, Nürnberg, Stuttgart na Stettin, na hao watatu walikuwa warefu kuliko Königsberg kwa zaidi ya mita moja. Katika mfano wetu kosa hilo lilikuwa zaidi ya sentimita moja. Mbao zilikuwa zimekwisha gandishwa. Nilifunga kitabu, nikakaa kimya. Nilijiambia, ni nani atakayekuja na rula kupima? Sentimita moja katika mia na kumi na tano, nani ataiona? Tungepaka rangi ya kijivu, na mambo yangekwisha.

Nilikaa na siri hiyo majuma mawili. Kila Jumamosi niliposhika msasa niliona kwamba nasugua uwongo. Mwishowe nilimwambia yule mwenzangu wa Kibiti, nikitumaini atasema haidhuru. Hakusema hivyo. Alisema, "Basi hii si Königsberg. Tuiandike jina la yule mwingine, au tuikate." Tuliwaita wenzetu wanne, nikaungama. Mmoja alikasirika, na alikuwa na haki, maana alikuwa amechubuka mikono kwa kazi ile. Tulizipasua mbao, tukaanza upya, na kazi ikarudi nyuma kwa majuma matano. Nasimulia haya kwa sababu ya yule mzazi aliyesema tununue ya plastiki. Mheshimiwa mzazi, meli ya plastiki huja sandukuni ikiwa imekwisha pimwa na mtu mwingine. Ikiwa na kosa, kosa ni lake. Ikiwa sahihi, sifa ni yake. Mwanafunzi anayeiunganisha hapati nafasi ya kusema uwongo, na kwa hiyo hapati nafasi ya kuuacha. Sisi tulipata nafasi hiyo.

Tena kuna elimu ambayo haimo katika sanduku lile. Meli ya kweli ilikuwa na uzito wa tani 3,390 ikiwa na shehena ya kawaida. Je, mfano wake uwe na uzito gani ili uelee ukizama pale pale ilipozama meli? Wengi wetu tulisema tani 33.9, kwa kuwa tuligawanya kwa 100. Mwalimu wa Hesabu alicheka mpaka akavua miwani. Alitueleza kwamba urefu umegawanywa kwa 100, upana kwa 100, na kina kwa 100; basi ujazo, na uzito pamoja nao, wagawanywa kwa 100 mara tatu, yaani kwa 1,000,000. Tani 3,390 zikigawanywa kwa milioni ni kilo 3.39. Jambo hili nililisoma Kidato cha Pili na kulijibu katika mtihani, lakini sikulijua. Nililijua siku ile tulipobeba mbao zetu hadi mizani ya jikoni, tukakuta zapita kilo 3.39 kabla hatujaweka hata mzinga mmoja. Ilitubidi tuzichimbe kwa ndani, zote isipokuwa ubao wa chini kabisa.

Siku ya kwanza tuliyoielesha katika karo la kufulia, nyuma ya bweni, ilipinduka. Mbele ya watu zaidi ya thelathini ililala ubavu kama kuku mgonjwa, na vijana wakapiga makofi. Tuliitoa tukafikiri. Uzito ulikuwa kamili, lakini ulikuwa juu: mizinga, dohani na milingoti. Tukapunguza unene wa bati la dohani, tukachimba mbao zaidi, na uzito tuliopunguza tukaurudisha kwa vipande vya risasi chini kabisa, juu ya mkuku. Mara ya pili ilisimama. Mjomba wangu, aliye fundi wa mashua huko Mafia, nilipomweleza likizoni alicheka akasema kwamba wao huweka mawe ya farumi chini ya jahazi lisilo na mizigo, wala hawakusoma kitabu kwa ajili hiyo. Kumbe fundi wa Kiel na fundi wa Mafia wanatii sheria moja.

Sasa nirudi kwenye swali la mwenzetu, ambalo ndilo lililotuanzisha. Tuliweka mchanga chini ya lile karo, tukausawazisha, tukaweka manowari juu yake, tukaanza kumwaga maji ndoo kwa ndoo. Maji yalipofika kina cha sentimita 4, manowari ilikuwa imekaa juu ya mchanga, haisogei. Sentimita 5, yatikisika tu. Yalipopita sentimita 5 na nusu, mwenzetu aliigusa kwa kidole kimoja ikaenda. Pale pembeni tulikuwa na ubao bapa mwepesi tuliouchonga mfano wa Severn, ambayo ilizama chini ya mita 2. Huo ulikuwa ukielea tangu zamani. Hakuna aliyesema neno. Kila mmoja alikuwa ameelewa. Königsberg iliingia maji yalipojaa, ikipita katika njia ambazo Wajerumani walikuwa wamezipima kabla ya vita, na ambazo Waingereza hawakuzijua. Maji yakipwa, palepale palipokuwa njia panakuwa gereza. Na wale wenye manowari bapa hawakuhitaji kungoja. Vita yote ile ya miezi minane na zaidi ilikuwa ni habari ya mita chache za maji. Kitabu kilisema hivyo, lakini karo la kufulia lilituonyesha.

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nami sitaki kuipuuza. Ni kweli kwamba manowari ni chombo cha kuulia. Kila mzinga ule ulipeleka risasi zaidi ya kilomita 12. Kwa kipimo chetu ni kama spoku ya baiskeli iliyowekwa mlangoni mwa karakana na kupiga kupita uwanja mzima wa mpira, goli hadi goli na zaidi. Na ni kweli kwamba chombo kizuri kinaweza kumlewesha anayekiunda. Naungama kwamba nilileweshwa. Nilipokwisha kuipaka rangi ya kijivu, na dohani tatu zikasimama sawasawa, niliiona kuwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyopata kufanya, nikasahau ilikuja kwetu kwa kazi gani.

Hapo ndipo kosa langu la pili. Mwenzetu mmoja, mdogo wetu wote, alileta shauri kwamba tusiishie kwenye meli. Alisema, "Mizinga yote kumi ilitolewa melini baada ya kuzama, ikapelekwa Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu, ikaenda kupigana bara chini ya Lettow-Vorbeck. Nani aliivuta? Na zile mashine zilizokwenda kutengenezwa, nani alizichukua?" Akataka tuchonge ubao wa pili, uonyeshe mzinga mmoja ukivutwa kwa kamba na watu wetu katika njia ya mchanga. Mimi nilikataa. Nilisema utaharibu uzuri wa mfano. Nikasema kazi yetu ni manowari, si wapagazi. Tulipiga kura, nikashindwa kwa kura nne kwa mbili. Nilikasirika siku mbili.

Nilibadilika moyo tulipoanza kuchonga. Mtu mwenye kimo cha sentimita 170, kwa kipimo chetu ni sentimita 1.7. Ni kipande cha njiti ya kiberiti. Tulichonga watu arobaini. Nilikuwa nimejifunza kwa moyo idadi ya mabaharia wa Königsberg, unene wa chuma cha sitaha yake, ambao ulikuwa milimita 80, na jina la nahodha wake. Nilipokuwa nikimpaka rangi mtu wa kumi au wa kumi na moja nilijiuliza: huyu ni nani? Katika vitabu vyote tulivyosoma kwa ajili ya kazi hii kila msumari wa meli una habari yake, lakini mtu anayevuta kamba hana hata jina. Nasi twajua kwamba katika vita ile, kwa pande zote mbili, wachukuzi wa Kiafrika waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu ni makumi ya maelfu. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam limetokana na jeshi la wachukuzi wa Waingereza, na wengi wanaonunua nyanya huko hawajui. Sanamu ya Askari imesimama katikati ya mji ule tangu 1927, na bunduki yake mkononi. Mizinga mitatu ya Königsberg imetunzwa hata leo, mmoja Fort Jesus, Mombasa, mmoja Jinja, Uganda, na mmoja Pretoria, Afrika Kusini, na watu hupiga picha mbele yake. Aliyevuta kamba hapigwi picha.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaosema tunaitukuza manowari ni hili: nendeni maktabani mkaitazame tena, na safari hii mtazame ubao wa pili. Kuikataa manowari isiundwe hakutawafufua waliokufa, wala hakutamfundisha mtu yeyote habari zao. Lakini kuiunda nusu, yaani kuchonga chuma na kuwaacha watu, huko ndiko kuitukuza. Ninyi mnaotulaumu mna haki ya kudai kwamba mfano useme kweli yote, lakini msidai usiwepo. Nami nawashukuru wale wenzangu walionishinda kwa kura.

Sasa lawama ya kwanza, ya wakati na mtihani. Nitasema ukweli hapa pia, maana walimu wangu watasoma. Muhula uliopita alama zangu za Jiografia zilishuka kutoka 71 hadi 58, na sababu ni kwamba Jumapili mbili nilizopaswa kusoma nilizitumia kufunga pini za sitaha. Hilo lilikuwa kosa langu, si kosa la manowari, na muhula huu nimerudi 69. Mwalimu wa zamu aliponipa onyo alikuwa na haki. Ndiyo maana nashauri kwamba kazi za namna hii ziwe na saa zake zinazojulikana, Jumamosi saa nane hadi saa kumi na moja, na kengele ikilia mlango ufungwe, hata kama gundi bado mbichi. Tena zianze Kidato cha Kwanza au cha Pili, zisingoje Kidato cha Tatu kama sisi.

Lakini sikubali kwamba saa zile zilipotea. Katika mwaka mmoja nimejifunza mambo ya ujazo na uzito, ya kuelea na kuzama, ya kupwa na kujaa, na ya vita vilivyopita mlangoni kwetu; nayo nimeyajifunza kwa namna ambayo sitayasahau nikitoka chumba cha mtihani. Wengi wetu twajifunza kama mtu anayejaza mtungi uliovuja: twamwaga usiku, asubuhi hakuna kitu. Mkono ukishirikiana na kichwa, tundu huzibika. Wala sisemi kila mtu aunde manowari. Mwingine na aunde jahazi, mwingine daraja, mwingine nyumba ya msonge ya babu yake kwa kipimo cha 1 kwa 20. Sharti moja tu: awe na vipimo vya kweli, na akikosea aseme.

Nina ombi moja, nalo ndilo lililonisukuma kuandika. Karakana yetu, ambayo ina meza nne na jiliwa mbili nzuri, imeanza kujazwa vitanda vibovu na madawati yaliyovunjika. Muhula uliopita tulikuwa na meza mbili za kufanyia kazi. Muhula huu tuna moja, tena ya mlangoni. Nimesikia yasemwa kwamba mwakani chumba chote kitakuwa ghala. Najua shule ina upungufu wa vyumba, na vitanda havina pa kuwekwa. Sisi wanafunzi hatuwezi kuamua mambo hayo. Lakini nawaomba walimu wetu na wazazi wetu wapenzi, mtakapokutana Siku ya Wazazi, mlifikirie jambo hili pamoja. Vitanda vile vibovu vyenyewe vyaweza kutengenezwa na wanafunzi katika karakana hiyo hiyo, kama mlango ukiachwa wazi. Sisi sita tuko tayari kuanza na vitanda kumi kabla ya mtihani, Jumamosi na saa zile zile, bila malipo.

Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani na kuondoka. Manowari na watu wake arobaini tutawaachia maktaba. Anayetaka kupima na aje na rula, urefu ni sentimita 115.3. Kijana wa Kidato cha Pili aliyesema ni kidude namkaribisha Jumamosi ijayo. Meza iko moja, lakini nafasi ya mtu mmoja ipo, na randa nitamwonyesha jinsi ya kuishika.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne